Kifungu cha Saba

Mimi ndiye karani, ufunguo wa kabati ninao mimi.
Katiba yetu ni kurasa tatu, pini zimeota kutu,
na ukurasa wa mwisho umejaa hadi ukingoni,
mstari wa chini umebanwa kama abiria wa mkiani.
Ilichapwa mwaka wa themanini na nne, hapa Newala,
kwa taipureta iliyong'oka herufi ya r:
kila korosho, kila karani, kila karatasi
r yake imetiwa baadaye kwa kalamu,
moja moja, kama mtu anayeziba matundu ya pakacha.

Kifungu cha saba: Mizani itakaa nje, mlangoni pa ghala,
mkulima auone mshale.
Kifungu cha kumi na mbili: Mwanachama ni yule
aliyepanda mikorosho kwa mkono wake.

Jumamosi tulikutana, salfa bado ikituwasha kwenye kope.
Nasra Chilumba akaomba uanachama.
Mikorosho arobaini na mitatu, ya bibi yake marehemu.
"Uliipanda?"
"Naipogolea. Naipulizia. Naokota mpaka kiuno kinagoma."
"Kitenzi ni kupanda," akasema Mwenyekiti Nammanga,
akaketi kama mtu aliyekwisha kunawa.

Kisha akafunua mizani mpya, ya umeme,
tarakimu nyekundu zikiwaka kama macho ya komba.
Itakaa ndani, alisema, juani namba hazisomeki.
Nikasimama na kifungu changu cha saba.
"Karani, soma vizuri. Kimeandikwa mshale.
Hii ina mshale?"
Haina.
"Basi kifungu kimekufa kifo chake. Tukizike, tuendelee."

Nami nilinyamaza, kwa kuwa mwaka jana
ni mimi niliyeipunga katiba hii hii hewani,
nikapaza sauti, Waasisi! Waasisi!
na ghala zima likanipigia makofi.
Sikujua nimeshika panga kwenye makali.

Jumapili nikamfuata Bi Somoe Likwata,
aliyeichapa. Siku hizi anauza barafu za ubuyu
nyuma ya stendi.
Nilitaka aniambie waasisi walikusudia nini.
Alicheka mpaka akashika friji.
"Kukusudia? Wanaume kumi na mmoja wenye njaa!
Wawili walitaka mizani nje, walikuwa wameibiwa.
Mmoja alikubali kwa sababu ndani mlikuwa na nyuki.
Waliobaki walitaka kwenda kula.
Hilo la kupanda walimwekea tajiri mmoja wa mjini
aliyekuwa akinunua mashamba ya watu kwa deni la chumvi.
Na kifungu cha warithi kilikuwepo, cha ishirini,
wamekisema, wamekipigia kura."
"Kiko wapi?"
"Karatasi iliisha."
"Karatasi iliisha?"
"Wakaniambia, utamalizia kesho.
Kesho yake nikaolewa Masasi."

Nilirudi kwa miguu, nikibishana na vumbi.
Nikimleta Bi Somoe mkutanoni, Nammanga atauliza:
kwani tunatawaliwa na karatasi, au na muuza barafu?
Na swali lake si la kijinga. Kesho atakuja mwingine
aliyeota waasisi usingizini, wakimwambia
mizani ikae chumbani kwake.

Lakini yule aliyeibiwa, ninamwona.
Hakuupenda mshale. Mshale ni chuma tu.
Alitaka jicho lake lifike pale kilo zinapozaliwa,
kabla mtu hajazitia mkono.
Jicho hilo halijafa, hata kama nambari zimegeuka moto.
Zitengenezewe kivuli, basi. Turubai ni shilingi ngapi?
Na tajiri wa chumvi, kama yu hai,
hafanani hata kidogo na Nasra.

Haya nitayasema. Huenda nikashindwa kwa kura;
Nammanga ana shemeji wengi.

Jioni nilipita dukani kwa Mchopa,
nikaomba karatasi nyeupe, isiyo na mistari.
"Moja tu, karani?"
Nikafikiri kidogo.
"Nipe mbili."